Mpime fahali, kisha upime na anachokula

Katika ukanda wetu wa Ziwa Victoria, mali nyingi huuzwa kwa mizani. Trela la miwa likifika kiwandani Muhoroni au Chemelil hupimwa likiwa limejaa, likapimwa tena likiwa tupu. Mchele wa Ahero hufungwa kwa kilo. Mbuta akishushwa kwenye mashua hutundikwa kwenye ndoano ya mizani kabla mnunuzi hajatoa pesa. Hata omena wana gorogoro yao. Ng'ombe peke yake, ambaye bei yake si ndogo, ndiye huuzwa kwa jicho la dalali na kupeana mikono.

Nilikuwa karani wa mizani katika kiwanda kimoja cha sukari hadi nilipostaafu, na sasa nanenepesha maksai nyumbani Kano. Labda ndiyo sababu jambo hili linanikera kuliko linavyomkera jirani yangu. Siku moja sokoni nilitoa utepe wa kupimia kifua, dalali akacheka mbele ya watu: "Jaduong', ng'ombe si sukari. Huyu ni wa kuangaliwa." Watu wakacheka naye, na biashara ikaendelea kwa kuangaliwa.

Hata hivyo, mizani ya sokoni ni nusu tu ya shida yetu. Tukichagua fahali wa kupandisha au maksai wa kunenepesha, tunauliza ukubwa wake, rangi yake, nundu yake na ukoo wake. Hatuulizi anakula kiasi gani. Nashikilia kwamba swali hilo ndilo lenye pesa, na kwamba mfugaji, kaunti na taasisi zetu za utafiti wakiendelea kulikwepa, biashara ya nyama ya ng'ombe Nyanza itabaki kazi ya kulisha matumbo yasiyorudisha kitu.

Anayenenepesha ng'ombe hachelewi kujua pesa zake zinapokwenda. Dawa ya kupe na ya minyoo ni gharama, kijana wa kulisha lazima alipwe, lakini ukiondoa bei ya ng'ombe mwenyewe, chakula ndicho kinachomeza zaidi ya nusu ya gharama. Wafugaji wote nchini walilionja hilo mwaka 2021 na 2022, bei ya mahindi, soya na mashudu ilipopaa hadi baadhi ya viwanda vya chakula cha mifugo vikafunga milango. Bei hiyo ilibadilisha hata thamani ya vitu tulivyovidharau. Majani makavu ya mpunga, ambayo zamani yalichomwa moto shambani mavuno yakiisha, leo yanafungwa mafungu na kuuzwa.

Tufanye hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano, na kila mfugaji anaweza kuweka za kwake. Maksai wa kilo 200 hula takriban kilo 5 za chakula kikavu kwa siku, yaani asilimia 2.5 ya uzito wake. Sehemu kubwa ya kilo hizo haiendi kwenye nyama. Inakwenda kwenye kupumua, kutembea, kucheua na kuushikilia mwili usikonde. Ni kama kodi ya nyumba: mwenye nyumba huidai hata mwezi ambao hukupata kazi.

Maksai huyo akiishi kwa majani makavu na nyasi za kando ya barabara, akaongeza gramu 250 kwa siku, atahitaji siku 400 ili aongeze kilo 100, na atakuwa amekula kilo 2,000. Mpe kilo 6 za chakula bora kwa siku, aongeze gramu 750, naye atafika hapo kwa siku 133 hivi na kilo 800 za chakula. Tuseme chakula cha kwanza ni shilingi 8 kwa kilo na cha pili ni shilingi 18. Kilo mia zile za kwanza zimegharimu shilingi 16,000, hizi za pili shilingi 14,400. Chakula cha bei ya juu kimeibuka nafuu, kwa sababu mwili umelipiwa kodi ya siku chache.

Wengi wetu huishia hapo, tukadhani siri yote imo kwenye gunia. Sasa lete katika zizi hilo hilo maksai wa pili, mrefu, mwenye umbo la kuvutia, anayekula kilo 6 zile zile lakini anaongeza gramu 600. Atamaliza kilo 1,000 za chakula, na bili itakuwa shilingi 18,000. Kwa tofauti ya gramu 150 tu kwa siku, huyu amekuwa ghali kuliko yule wa nyasi za barabarani. Mlete na wa tatu, mfupi, anayeongeza gramu 600 vilevile lakini anatosheka na kilo 4.5. Atakula kilo 750, sawa na shilingi 13,500. Ni kweli atakaa zizini mwezi mmoja hivi zaidi ya wa kwanza, na mwezi huo una mshahara wa kijana ndani yake. Kwa bili ya chakula, hata hivyo, hakuna aliyemshinda. Jicho la dalali lingemchagua wa pili. Mizani ya ng'ombe pekee ingemchagua wa kwanza. Bila kupima chakula, wa tatu asingetambuliwa na mtu.

Tofauti za namna hii zilipatiwa kipimo zamani. Mwaka 1963 Robert Koch na wenzake nchini Marekani walieleza njia ya kuzipima: kadiria kwanza ng'ombe wa uzito huu na ukuaji huu angepaswa kula kiasi gani, kisha linganisha na alichokula kweli. Anayekula chini ya makadirio bila kupunguza ukuaji ndiye wa kubaki naye. Mwaka 1993 kituo cha utafiti cha Trangie, huko New South Wales nchini Australia, kilianza kuchagua ng'ombe wa aina ya Angus kwa kipimo hicho, walaji wachache upande mmoja na walaji wengi upande wa pili. Vizazi vilivyofuata vilitengana. Watoto wa walaji wachache walikua sawa na wenzao huku wakila kidogo zaidi. Kwa makadirio ya tafiti nyingi, theluthi moja hivi ya tofauti hiyo kati ya ng'ombe na ng'ombe hutoka kwa wazazi. Mfugaji anaweza basi kuirithisha, kama anavyorithisha rangi.

Hapa pana mtego ambao ni lazima tuutaje. Ukichagua kwa kuangalia tu kilo za chakula kwa kila kilo ya uzito, mara nyingi utaishia kuchagua wanaokua upesi, na wanaokua upesi huzaa mitamba wanaokuja kuwa ng'ombe wakubwa. Maksai huuzwa akachinjwa kwenye machinjio ya Mamboleo, kazi ikaisha. Mama yake anabaki nyumbani na kulishwa mwaka mzima, masika na kiangazi, azae asizae. Kwa mwenye ranchi ya maelfu ya ekari huenda hilo lisiwe tatizo. Kwa mwenye ekari mbili Kano, zenye mahindi, mpunga na kaburi la baba yake, ng'ombe mkubwa ni mzigo wa kila asubuhi.

Ndiyo maana nawaangalia kwa tahadhari wanaosema dawa ni kuleta mbegu za fahali wakubwa tu. Sizipingi mbegu hizo. Kituo cha Kabete, ambacho leo kinaitwa KAGRC, kimekuwa kikisambaza mbegu tangu mwaka 1946, na kimefanya kazi ya maana. Boran wetu wanajulikana mbali, na wafugaji wao walianzisha chama mwaka 1951. Sahiwal wana zizi lao la taifa Naivasha tangu mwaka 1962, na damu yao imeenea Nyanza hadi Kuria. Lakini katika sifa zote ninazosomewa mtu akija kuniuzia mbegu, yaani uzito, maziwa ya mama na tuzo za babu, sijawahi kusomewa chakula ambacho fahali huyo alikula ili afikie uzito huo. Hiyo ni sawa na kumsifu kijana kwa mshahara bila kuuliza madeni yake.

Wakati huo huo tunamdharau Zebu wa kienyeji. Jike lake aliyekomaa ana kilo 200 hadi 250 hivi, kwa hiyo mwili wake haudai mengi. Anastahimili kupe na minyoo kuliko wageni, na kiangazi kikikaza unamkuta bado amesimama. Kasoro yake ni kwamba hukua polepole, na hilo sitalificha. Lakini Zebu hawalingani wote. Kila mchungaji wa Kano amemwona ndama mmoja ambaye hunawiri kwenye malisho yale yale yanayowakondesha wenzake. Uteuzi ungeanzia kwa ndama huyo. Badala yake, mara nyingi ndiye tunayemhasi na kumuuza mapema, kwa sababu ndiye aliyenona, na tunamwachia kazi ya kupandisha yule ambaye hakupata mnunuzi.

Wanasayansi hawajatusahau. Nyando imewahi kuwa uwanja wa utafiti uliochapishwa mwaka 2018, ambapo watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, na wenzao walipima ng'ombe wa wakulima wadogo boma kwa boma, msimu kwa msimu, ili kukadiria wanachokula na gesi ya methani wanayotoa. Mwaka 2020 yakachapishwa majaribio ya Nairobi ya maksai wa Boran waliolishwa chini ya mahitaji ya mwili. Wale waliobanwa sana walitoa methani zaidi kwa kila kilo ya chakula. Yaani ng'ombe mwenye njaa hapungukiwi na nyama tu. Hata katika kile kidogo anachokula, sehemu inayopotea hewani huongezeka. Basi asinielewe mtu kwamba mlaji mchache ni ng'ombe wa kunyimwa. Aliyekosa hamu kwa sababu ya ndigana au minyoo naye anakula kidogo, na huyo ni mgonjwa. Mlaji mchache ninayemtaka amejaziwa hori, amekula akashiba, amebakisha, na bado uzito unapanda.

Majirani zetu wa vizimba vya samaki walilielewa somo hili kabla yetu. Mwenye kizimba cha ngege kule Siaya au Homa Bay huandika kila siku chakula alichomwaga majini, na siku ya mavuno anajua ametumia kilo ngapi kwa kila kilo ya samaki. Akiwa mwangalifu, hupata kilo moja ya samaki kwa chini ya kilo mbili za chakula. Ng'ombe hawezi kumfikia. Samaki hapashi mwili joto wala habebi uzito wake kwa miguu. Lakini chakula cha samaki kina soya na dagaa, vitu ambavyo binadamu naye anavila. Ng'ombe ana vijidudu tumboni mwake vinavyovunja majani makavu ya mpunga na majani ya juu ya muwa, vitu ambavyo mimi na wewe hatuwezi kuvila. Ubora wake uko hapo. Fahali wa Kisumu achaguliwe kwa uwezo wake wa kugeuza mabaki ya Kisumu kuwa nyama, na si kwa alivyofanya kwenye mahindi ya mtu wa mbali.

Mabaki hayo tunayo. Ahero ina mpunga tangu skimu ilipoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Majani yake ni makavu na yana protini haba, lakini kilo 4 za yurea zikiyeyushwa kwenye maji na kunyunyiziwa kilo 100 za majani, kisha yakafunikwa bila hewa kwa wiki tatu hivi, ng'ombe huyala zaidi na kuyameng'enya vizuri zaidi. Tahadhari: yurea ikizidi ni sumu, kwa hiyo hapo napo mizani inahitajika. Ukanda wa miwa una molasi, yenye nguvu nyingi na protini kidogo. Kiwanda cha bia cha Kisumu kilifunguliwa tena mwaka 2019, na penye bia pana machicha. Viazi vitamu vina majani. Na kule Mbita, kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kimewafundisha wakulima kupanda desmodiamu katikati ya mahindi ili kufukuza viwavi wa mashina na kukomesha kayongo (gugu la striga). Mmea huo huo ni lishe yenye protini, ile ambayo majani ya mpunga na molasi yamepungukiwa nayo. Mkulima aliyeupanda kwa ajili ya mahindi tayari ana sehemu ya chakula cha maksai wake.

Yapo mengine ya kujifunza kutoka historia yetu wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, serikali pamoja na FAO walifanya majaribio ya kunenepesha ng'ombe Lanet, karibu na Nakuru, kwa kutumia mahindi yaliyovundikwa. Ng'ombe walinenepa vizuri, na wafanyabiashara wakaingia. Kisha bei ya nafaka ikapanda huku bei ya nyama ikipangwa na serikali, na mazizi yakafungwa. Ng'ombe hawakuwa na kosa. Biashara ilikuwa imesimama juu ya bei ya mahindi, na bei ya mahindi haikutulia. Sasa serikali inazungumzia tena mazizi ya kunenepesha mifugo katika kaunti kame. Namtakia kila la heri yeyote atakayeyaendesha, lakini akianza kwa kumwaga zege na kununua matrekta kabla ya kujua ni ng'ombe gani wanaolipa chakula chao, atafika Lanet ya pili.

Najua nitakavyojibiwa. Wazee wataniambia ng'ombe wa Mjaluo si nyama tu. Ni mahari, ni plau, ni karo ya shule, ni heshima msibani. Ni kweli, nami nimetoa ng'ombe kwa shughuli hizo zote. Lakini karo hulipwa na ng'ombe aliyefika mwezi wa kwanza akiwa na mwili, na mahari yanayotembea mifupa yakihesabika hayamheshimu mtu. Atakayehitaji maksai wa plau achague mwenye kifua na miguu, sitabishana naye. Ng'ombe wa akiba ndiye hasa anayepaswa kula kidogo, kwa kuwa akiba inayomla mwenyewe si akiba.

Madalali nao watasema jicho la mzoefu linatosha. Jicho la mzoefu nimeliona likikosea, hasa asubuhi ambayo muuzaji amemlambisha ng'ombe chumvi na kumnywesha maji hadi tumbo likajaa. Zebu akichinjwa, nyama na mifupa vinavyoning'inizwa ni takriban nusu ya uzito wake akiwa hai. Nusu ya pili ni pamoja na tumbo hilo lililojaa maji. Mwenye bucha anajua hivyo, ndiyo maana hutoa bei ya chini kwa kila ng'ombe ili ajikinge. Mfugaji mwaminifu analipia ujanja wa mwenzake.

Basi nina maombi matatu. Kwanza kwa kaunti za Kisumu, Siaya na Homa Bay: mnachukua ushuru kwa kila ng'ombe anayeingia sokoni. Wekeni mizani ya mifugo katika masoko makubwa kama Ahero na Akala, bei itajwe kwa kilo, na uzito uandikwe kwenye risiti ile ile ya ushuru. Gharama ya mizani si kubwa mbele ya ushuru wa miaka.

Pili kwa kituo cha utafiti cha KALRO Lanet, KAGRC na vyuo vikuu vyetu vya Maseno na Jaramogi Oginga Odinga: mashine za kielektroniki zinazorekodi kila ng'ombe anavyokula ni ghali, lakini hatuhitaji kuanza nazo. Chukueni watoto wa mafahali mbalimbali, kila kundi zizi lake, muwape majani ya mpunga, molasi na desmodiamu, mpime kinachoingia na kinachobaki kwenye hori, kisha mtangaze mafahali ambao watoto wao walilipa. Hapa Kibos, watafiti wa miwa hawatoi aina mpya ya muwa kwa kuwa ni mrefu. Huuliza utatoa sukari kiasi gani. Fahali anastahili mtihani wa namna hiyo. Na waamuzi wa maonyesho ya kilimo ya Kisumu waache kumvisha utepe fahali asiye na rekodi ya chakula.

Tatu kwa mfugaji mwenzangu: usimsubiri gavana. Nunua utepe wa kupimia kifua, ila uliza kama vipimo vyake vinafaa Zebu, kwa sababu tepe nyingi zilitengenezwa kwa ng'ombe wa Ulaya. Watafiti waliofuatilia Zebu magharibi mwa Kenya walichapisha mwaka 2013 hesabu inayowafaa ng'ombe wetu, na afisa wa mifugo wa wadi anaweza kukusaidia kuipata. Tafuta mizani ya kuning'iniza kama ya wavuvi, upime chakula kabla ya kukimwaga horini na ukipime kilichobaki. Mpime ng'ombe asubuhi kabla hajanywa maji. Andika kwenye daftari la mtoto. Baada ya msimu mmoja utajua nani anakulisha na nani unamlisha, na huyo wa pili umuuze hata kama ni mrembo.

Na siku utakapokwenda sokoni kununua fahali, ukishamaliza kumsifu kwa nundu na rangi, muulize mmiliki wake swali moja: anakula kiasi gani? Akikosa jibu, punguza bei.